Haibiskasi ya mabaka inapogoma: soma jani kabla ya kununua dawa

Wateja wengi hawaji na mti, wanakuja na simu. "Hebu angalia kaka, majani yangu yamepatwa na nini?" Naangalia, naona unjano ambao unaweza kuwa wa jua, wa chumvi, wa njaa, au wa kioo cha simu yenyewe. Nikiomba niletewe majani mawili ya kweli, moja la chini kabisa na moja la kileleni, wengine wananuna kidogo, maana walishajiandaa kutajiwa jina la dawa. Mimi nauza miche kando ya barabara hapa Dar es Salaam, dawa siuzi, kwa hiyo sina cha kupoteza nikisema kweli: matatizo mengi ya mti huu yanamalizwa na mkasi, maji, au kuhamisha ndoo hatua nne kutoka ukutani.

Ninaozungumzia ni haibiskasi ya mabaka, ile yenye majani membamba yaliyochorwa kijani, nyeupe ya maziwa na waridi, na maua mekundu yasiyo makubwa sana. Wenye vitalu vya nje ya nchi huiita Cooperi. Ni jamii ileile ya haibiskasi nyekundu ya kawaida, ambayo Malaysia waliichagua kuwa ua lao la taifa mwaka 1960. Ukiiacha ifanye itakavyo inakuwa kichaka. Ukiilea kwa shina moja, ukaifunga kwenye kijiti na kuondoa matawi ya chini kila yanapochipua, unapata mti mdogo wa mita mbili hivi wenye kichwa cha mviringo, unaofaa getini au pembeni ya kibaraza.

Kuna jambo moja ukilielewa, dalili nyingi zitakuwa rahisi kusoma. Baka jeupe ni sehemu ya jani isiyo na umbijani, ule ukijani tuliofundishwa shuleni kwamba ndio unaopikia mmea chakula. Kwa hiyo jani la mti huu ni nyumba yenye vyumba vinne, jiko liko kwenye viwili tu, na wanaokula wapo vyumba vyote. Haibiskasi ya kijani ya jirani inavumilia maji ya chumvi, jua la ukutani na fundi bustani mwenye hasira, kwa sababu ina akiba. Hii haina. Inakua polepole, inaonyesha shida mapema, na ikisukumwa sana inaamua kutupa mabaka yenyewe ili iishi.

Basi kabla ya yote jiulize: shida imeanzia wapi? Majani ya zamani ya chini au mapya ya juu? Sehemu nyeupe au ya kijani? Ukingoni au katikati? Upande mmoja wa mti au pande zote? Ukiwa na majibu hayo manne umeshafika nusu ya njia.

Sehemu nyeupe zimekauka, zimekuwa kahawia kama karatasi

Hii ndiyo kesi ninayoletewa zaidi, hasa kuanzia Desemba hadi Februari. Angalia kwanza kama madoa yako katikati ya sehemu nyeupe na kama yako upande mmoja tu wa mti. Kama majani yaliyojificha nyuma ya wenzake ni mazima, hilo ni jua. Weupe hauna kinga, na jua la saa nane hadi saa kumi likichanganyika na joto linalorudishwa na ukuta uliopigwa lipu, jani linababuka kwa siku moja. Mara nyingi mti wenyewe ulinunuliwa kutoka chini ya neti ya kivuli na siku hiyohiyo ukawekwa getini, upande wa magharibi.

Usiurudishe gizani kwa hofu. Mti huu unahitaji jua ili uwe na rangi. Unachotaka ni jua la asubuhi, tangu linapochomoza hadi saa tano au sita, kisha kivuli chepesi cha mwembe au cha ukuta. Ukiuhamisha, uhamishe kwa wiki mbili: siku za mwanzo saa moja tu ya jua, kisha mbili, na kuendelea. Jani lililoungua halitapona, lakini usiwe mwepesi kulikata. Kama nusu yake bado ni ya kijani, jiko lile bado linawaka.

Kama ukahawia uko ukingoni na kwenye ncha, umeanza na majani ya zamani, na umekula kijani na nyeupe bila kubagua, acha kulitazama jua, tazama maji. Sehemu nyingi za pwani, Kigamboni ikiwemo, watu wanamwagilia kwa maji ya kisima yenye chumvi. Mti unayanywa, maji yanatoka kupitia majani, chumvi inabaki mwisho wa njia, yaani kingoni. Utaona pia utando mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa ndoo. Dawa yake ni kuosha udongo: kwa mti ulio kwenye ndoo ya lita 20, pitisha taratibu lita 40 za maji matamu mpaka yatoke chini, na hakikisha matundu ya chini hayajaziba. Wakati wa masika mvua inaifanya kazi hiyo bure, usiuingize mti barazani. Na unapomwagilia siku za kawaida, mwagilia hadi maji yatoke chini. Kunyunyiza kikombe kimoja kila jioni kunaikusanya chumvi mahali pamoja.

Kwa walio karibu kabisa na bahari kuna aina ya tatu: majani yaliyoungua upande wa baharini tu, baada ya siku za upepo mkali wa kusi. Ni mnyunyizo wa chumvi. Suuza majani kwa maji matamu jioni hiyo, na uupande mti nyuma ya kitu kigumu zaidi yake, kwa mfano mchongoma au ukuta wa matofali yenye matundu.

Na kama madoa yametokea ghafla siku moja baada ya kupuliza kitu, unajua mwenyewe ulichofanya. Sabuni ya unga ya kufulia si dawa ya mimea. Hata ile inayofaa, ukiipuliza saa sita mchana inaunguza.

Majani yanageuka kijani kitupu

Alikuja mzee mmoja, mteja wa siku nyingi. Nikamwamkia, akaniambia nimemuuzia mche wa uongo, umegeuka haibiskasi ya kawaida. Nikaenda kwake kuangalia. Pembeni ya mti kulikuwa na tawi moja nene, refu, la kijani kizito, limewazidi wenzake kwa nusu mita.

"Mzee, hili ungelikata mapema."

"Mwanangu, hilo ndilo pekee lenye afya!"

Alikuwa sahihi, na hapo ndipo shida ilipo. Mabaka haya yametokana na badiliko lililotokea ndani ya tabaka za chembe hai (seli) kwenye ncha ya tawi: tabaka moja lina uwezo wa kutengeneza umbijani, jingine limeupoteza, na majani yanatoka yakiwa mchanganyiko. Wakati mwingine jicho linachipua likiwa limebeba chembe za kijani peke yake. Tawi hilo sasa lina jiko vyumba vyote vinne. Linakua haraka kuliko ndugu zake, linawafunika, linachukua maji, na msimu mmoja au miwili baadaye mti wote ni wa kijani na matawi ya mabaka yamekauka kimyakimya.

Hakuna dawa ya kulirudisha, ni mkasi tu. Lifuate tawi la kijani hadi linapoanzia, ulikate pale pale shinani. Watu wanakosea wanapokata ncha na kuacha kisiki cha inchi mbili. Macho yaliyobaki kwenye kisiki yote ni ya kijani, utapata matawi matatu badala ya moja. Likiwa bado changa unaweza kulichomoa kwa vidole pamoja na jicho lake, na hiyo ni bora zaidi. Kagua mara moja kwa mwezi, wakati wa masika kila wiki mbili. Kama mche wako ulibebeshwa juu ya shina la haibiskasi nyingine, kila kitu kinachochipua chini ya kovu la kubebesha kiondoe bila kukiangalia rangi.

Watu husema ni mbolea inayougeuza. Si kweli kabisa, wala si uongo kabisa. Urea, CAN au samadi ya kuku hazitengenezi tawi la kijani, lakini likishatokea zinamlisha yule mwenye nguvu, na mbio zinakwisha mapema. Kivuli kinafanya hivyohivyo: gizani, mwenye umbijani mwingi ndiye anayeishi.

Kinyume chake pia hutokea, tawi linatoka jeupe tupu au waridi tupu, zuri kupita kiasi, kila mtu analipiga picha. Hilo ni mgeni asiyepika. Kwenye mti mkubwa acha moja kama pambo, mengine punguza. Usichukue kipandikizi kutoka kwake. Kitasimama wiki chache kwa akiba ya kijiti kisha kitakufa, kwa kuwa hakuna wa kukilisha.

Uwaridi umepotea, umebaki kijani na nyeupe

Hapa mara nyingi hakuna ugonjwa. Uwaridi hukolea kwenye majani machanga, kwenye mwanga mwingi, na penye usiku wa baridi. Ndiyo maana mche huohuo Arusha au Moshi mwezi wa saba unang'aa kuliko wa Dar mwezi wa pili. Jani likizeeka rangi inafifia, hilo ni kawaida yake. Ukitaka uwaridi zaidi, ongeza jua la asubuhi na punguza ncha kidogo ili machipukizi mapya yatoke. Basi.

Majani mapya yanatoka ya njano, mishipa imebaki kijani

Kwenye jani la mabaka dalili hii inajificha, kwa hiyo puuza weupe, tazama sehemu inayopaswa kuwa ya kijani. Ikiwa imekuwa rangi ya ndimu iliyoiva na mishipa peke yake ndiyo iliyobaki kijani, na ni majani ya juu, mti unakosa madini ya chuma. Kukosa hakumaanishi kwamba hayamo udongoni. Pwani yetu imekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Sehemu za Kunduchi na Tegeta, au kule maweni Unguja, huchimbi sana kabla ya kugonga jiwe la chokaa. Chokaa inakifunga chuma, kinakuwepo lakini mizizi haiwezi kukichukua.

Jaribio la jikoni: chukua kijiko cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukichemka na kutoa povu, una chokaa nyingi. Ukiwa umepanda karibu na ukuta mpya, mkosaji anaweza kuwa saruji. Mafundi wakishamaliza lipu huosha karai zao palepale, na wewe unakuja mwezi mmoja baadaye kuchimba shimo la maua juu ya mabaki hayo. Nimewahi kuchimba shimo la namna hiyo nikatoa ndoo nzima ya zege.

Watu hufukia misumari yenye kutu. Nimeambiwa hivyo na watu wazima wenye heshima zao, na mwanzoni nilifanya mwenyewe. Haisaidii, maana udongo uliofunga chuma chake wa asili utafunga na cha msumari. Kinachosaidia ni mbolea ya chuma iliyotengenezwa isifungwe na chokaa. Kwenye pakiti tafuta herufi EDDHA, fuata kipimo cha pakiti, mwagia kwenye shina jioni. Baada ya wiki mbili au tatu majani yatakayotoka yawe na kijani kizuri. Yale ya zamani hayatabadilika sana. Kwa muda mrefu, acha kupigana na ardhi yenye mwamba. Weka mti kwenye ndoo kubwa au tuta lililoinuliwa kwa matofali, lenye udongo mweusi, mboji na mchanga wa mto.

Majivu ya jikoni, yanayosifiwa kila mahali, hapa yanaharibu, kwa kuwa nayo yanauongezea udongo uchungu uleule wa chokaa. Halafu kuna DAP. Ni mbolea nzuri ya kupandia mahindi, lakini namba zake ni 18-46-0, na ile 46 ya katikati ni fosforasi. Jamii ya haibiskasi haipendi fosforasi nyingi, ikijaa inaizuia mizizi kuchukua chuma. Ukisoma mfuko wowote wa mbolea, kwa mti huu ungependa namba ya katikati iwe ndogo kuliko nyingine mbili. Ukikosa kabisa, 17-17-17 kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20 kila baada ya wiki nne, udongo ukiwa na unyevu, inatosha. Mti wenye nusu ya jiko haufai kushibishwa kama mahindi.

Majani ya chini yanakuwa ya njano na kuanguka

Moja mbili kwa wiki, si neno. Kipupwe kikianza mwezi wa sita pia unaweza kuona mti ukipunguza mzigo. Yakianguka kwa wingi, chomeka kijiti cha mshikaki kwenye udongo hadi katikati ya ndoo, ukiache dakika tano, ukichomoe. Kikitoka kikavu, mti una kiu. Kikitoka na tope na harufu ya mtaro, mizizi inaoza.

Dalili inayochanganya wengi ni kunyauka. Mti uliolegea saa tisa alasiri na kusimama tena jioni umechoka na joto tu. Mti uliolegea saa moja asubuhi, udongo ukiwa mbichi, una shida ya mizizi, na kuumwagilia ni kuumalizia. Utoe kwenye ndoo. Mizizi mizima ni myeupe na migumu. Iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta ganda linabaki mkononi. Kata iliyooza yote, punguza na matawi kwa theluthi moja ili mizizi michache isibebeshwe mzigo wa zamani, panda kwenye mchanganyiko mpya wenye mchanga zaidi, weka kivulini. Sahani ile nzuri iliyo chini ya chungu, inayotunza maji yasichafue vigae, ndiyo mara nyingi iliyoua mizizi.

Ukikuta mizizi imejizungusha kama kamba ya ndoo ya kisimani, mche ulikaa kwenye kiriba, ule mfuko wa kuoteshea miche, muda mrefu. Hilo ni kosa letu wauza miche, nakiri. Chana mizizi ya nje kwa kisu mahali pawili au patatu kabla ya kupanda. Usipofanya hivyo, mti utakaa mwaka mzima shimoni kana kwamba bado uko kwenye kiriba.

Ukikuta vinundu kama shanga kwenye mizizi, hao ni minyoo fundo, na kwenye mchanga wa pwani hawakosekani, hasa palipokuwa na nyanya au bamia. Shambani huwezi kuwamaliza. Mboji nyingi inaupa mti nguvu ya kuishi nao. Kwenye ndoo, tupa udongo mbali na bustani.

Haichanui, au vitumba vinadondoka kabla ya kufunguka

Kwanza tuelewane: ua la haibiskasi hii ni la siku moja. Linafunguka asubuhi, linafunga jioni, linaanguka. Mteja aliyenilalamikia kwamba maua "hayadumu" hakuwa na mti mgonjwa. Na mti huu hautachanua kwa wingi kama wa kijani, kwa sababu ileile ya jiko.

Kama hakuna kitumba hata kimoja, tafuta mkosaji kati ya watatu. Kivuli kingi. Mbolea ya kukuzia majani. Au fundi bustani anayepita na mkasi kila wiki mbili kuuweka mti mviringo kama mpira. Maua hutokea kwenye ncha za matawi mapya, kwa hiyo kila akipita anaondoka na maua ya mwezi ujao. Pogoa kwa nguvu mara moja au mbili kwa mwaka, mimi hupenda kabla tu ya masika, kisha mwache mti apumue. Mpe fundi kazi nyingine.

Kama vitumba vipo lakini vinaanguka vikiwa vimefumba, okota kimoja, kichane kwa kucha juu ya karatasi nyeupe. Ukiona vidudu vyembamba kama vipande vya uzi vinakimbia, hao ni thiripi. Ukiona funza wadogo weupe, ni watoto wa inzi mdogo anayetaga ndani ya kitumba. Kwa wote wawili kazi kubwa ni usafi: okota vitumba vilivyoanguka kila siku, vifunge kwenye mfuko au vichome. Funza huingia udongoni kubadilika kuwa inzi, ukiviacha chini unawafugia kizazi kingine. Usipoona mdudu, rudi kwenye maji. Siku moja ya kusahau kumwagilia mwezi Februari inatosha kuangusha vitumba vyote, na kuuhamisha mti ukiwa na vitumba pia. Kuna mama alikuwa anaingiza ndoo ndani kila usiku akihofia wezi, asubuhi anaitoa. Vitumba vilikuwa vinaanguka barazani kabla ya chai.

Ncha zimejikunja kama ngumi

Majani ya kileleni yamejikunyata, yamesongamana, hayafunguki, na ukiyafumbua unakuta unga mweupe kama pamba wenye vidudu vya rangi ya waridi ndani. Huyu ni kidung'ata anayeipenda sana jamii ya haibiskasi. Mate yake ndiyo yanayolemaza ncha, kwa hiyo hata ukimuua, ncha ile haitanyooka. Ikate, iingize kwenye mfuko hapohapo ulipo. Usitembee nayo bustanini ikidondosha watoto. Kisha puliza mti wote kwa maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa lita moja, jioni, chini na juu ya majani. Jaribu tawi moja kwanza, usubiri siku mbili, weupe una kinyongo. Mbegu za mwarobaini zilizopondwa, gramu 50 kwa lita moja ya maji, zilowe usiku kucha, uchuje, utie sabuni kidogo, nazo zinafanya kazi. Rudia baada ya siku saba, mara tatu.

Ukiona majani yamepakwa weusi kama masizi ya chungu, usihangaike na weusi wenyewe. Ni ukungu unaoota juu ya utomvu mtamu unaodondoshwa na vidung'ata, wadudu mafuta au inzi weupe walio juu yake. Inua macho uwatafute. Fuata pia mstari wa sisimizi, watakupeleka hadi mlangoni. Majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini, ni kesi ngumu: kwenye minazi ni walinzi wazuri wanaofukuza wadudu wanaoangusha vidaka, lakini kwenye haibiskasi nimewakuta wakiwachunga vidung'ata kama mbuzi. Sichomi viota vyao. Naondoa tu matawi yaliyogusana na mnazi na waya wa nguo, wanakosa daraja.

Kangambili wale wekundu wanaotembea wakiwa wameshikana wawili wawili wanatisha bure. Wao ni wa mbegu za pamba na za ndugu zake, na mti wa pambo hawaupunguzii kitu.

Kiangazi, kama mti uko karibu na barabara ya vumbi na sehemu za kijani zimejaa vitone vidogo vyeupe kana kwamba zimechomwa sindano, geuza jani. Utando mwembamba na vidoti vinavyotembea ni utitiri mwekundu. Hawapendi maji. Piga sehemu ya chini ya majani kwa mpira wa maji kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili, wengi wataondoka.

Mabaka yasiyo ya kwake

Mara chache naletewa mti unaosifiwa kwa rangi mpya, kumbe una virusi. Mabaka ya asili yana mipaka, kama ramani: huku nyeupe, hapa kijani, waridi ukingoni, na jani liko imara. Ya virusi ni ya njano, yamefifiana kama doa la chai kwenye shuka, au ni viduara, au mishipa yenyewe imekuwa ya njano, na mara nyingi jani limepinda au limedumaa. Kwa hili hakuna dawa. Ng'oa, choma, na uoshe mkasi kwa spiriti kabla haujagusa mti mwingine. Inawauma watu kung'oa, lakini inzi mweupe na mkasi mchafu havitasubiri ufanye maamuzi.

Vipandikizi vinaoza

Kwa kuwa mti huu ni rahisi kupoteza, kila mwenye nao angekuwa na watoto wake wawili pembeni. Mbegu usihangaike nazo, hazibebi mabaka. Vipandikizi vinaoza kwa sababu vimekatwa vichanga mno, vimeachiwa majani mengi, au udongo una samadi. Chukua kijiti cha unene wa penseli, sentimita 10 hadi 15, kutoka tawi lenye mchanganyiko mzuri wa rangi zote tatu. Acha majani mawili juu, uyakate nusu. Chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa, kivulini, funika na chupa ya maji iliyokatwa kitako, kifuniko ukiache wazi. Baada ya wiki nne hadi sita kivute kidogo. Kikikataa kutoka, kina mizizi. Majani ya kwanza yakitoka kijani kitupu, kitoe mapema uwape wenzake nafasi.